Aliyeandika Lebo

Wifi yangu aliingia kwenye chumba changu cha ndege akiwa na kompyuta mbili, begi la nyaya na kiburi cha watu kumi. Hakusalimia. Alikunja pua kwa harufu ya dawa ya nondo, akatazama makabati kuanzia mlangoni hadi dirishani, akasema, "Kumbe ni humu."

"Ni humu," nikamjibu. "Na mlango wa kutokea ni huohuo ulioingilia."

Akatafuta meza, akaikosa, akasogeza sinia langu la sindano na pamba kama anayesogeza vyombo vya jana, akaweka kompyuta zake. Ndivyo tulivyoanza kazi ya pamoja, na ikachukua miezi saba. Mkurugenzi alikuwa ameamua kwamba vielelezo vyote vya makumbusho viingie kwenye kanzidata. Dunia imejaa wataalamu wa kazi hiyo, lakini aliyepatikana akawa dada wa marehemu mume wangu. Kama ilikuwa bahati, basi ilikuwa yake.

Mimi na wifi hatukuwahi kupatana. Siku ya harusi yangu aliwaambia shangazi zake kwamba kaka yake kaoa kama mtu anayeondoka na mwavuli usio wake, haraka haraka na bila kuuangalia. Nilisikia, nami sikusahau. Msibani tulikaa chumba kimoja siku tatu, kila mmoja akiongea na ukuta wake. Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Waliosema hivyo hawakuwekwa meza moja na zimwi hilo.

Ngoja nieleze kazi yangu, maana watu hudhani nafuga kuku. Natunza ndege elfu kumi na nne waliokufa. Wamelala chali ndani ya droo, pamba machoni, mabawa yamekunjwa, na kila mmoja amefungwa lebo mguuni kwa uzi. Lebo inasema ndege huyu alipatikana wapi, siku gani, na nani. Ndege asiye na lebo ni manyoya tu, hafai hata kwa mto. Na yote yaliyo kwenye lebo yameandikwa pia katika Daftari Kuu, kitabu kizito ambacho watu wawili hukibeba: kila ndege na mstari wake, kila mstari na nambari, jina la ndege, mahali, tarehe, na mwisho kabisa, safu iliyoandikwa "Mkusanyaji".

Mume wangu alikuwa mkusanyaji. Pale kazini walimwita Nyavu, kwa sababu alitega nyavu nyembamba ambazo hata yeye mwenyewe alikuwa akizigonga kwa uso. Alikuwa na mkono mwepesi kwa ndege na mwandiko mbaya kuliko wa daktari, kwa hiyo lebo zake niliziandika mimi. Kila mtu alijua. Hakuna aliyejali, na hapakuwa na mahali pa kuandika hilo.

Miaka kumi na tatu iliyopita, profesa mmoja alikuta katika droo yangu ya arobaini na nane ndege mdogo wa rangi ya majani, wa jamii ya shore, mwenye koo la njano. Lebo ilisema ametoka mlimani. Profesa akaruka kwa furaha, akaandika makala, akapanda mlima mara nne na watu wake na nyavu zake. Hakuona hata unyoya. Furaha ikageuka ghadhabu. Akaandika makala ya pili, akasema Nyavu hutunga mahali kama mtoto anayetunga barua ya ruhusa. Kikaitwa kikao. Mume wangu akaulizwa mbele ya watu saba, ndege huyu ulimpata wapi? Akajibu, "Kama lebo inasema mlimani, basi ni mlimani."

Hakuongeza neno. Wakamtoa kwenye safari na kumweka getini akate tiketi. Alikata tiketi miaka kumi, mtu ambaye angeweza kukuambia ndege kwa kusikia anavyokohoa. Kiharusi kilimkuta palepale, nyuma ya kidirisha. Mama mkwe wangu hadi leo ukitaja neno makumbusho ananyanyuka na kuondoka chumbani, kwa sababu mwanawe alizikwa akiitwa mwongo.

Sasa nikwambie ambacho sikumwambia mtu kwa miaka kumi na tisa. Mwongo hakuwa yeye.

Nilikuwa mwaka wa kwanza kazini, bado kwenye majaribio. Aliyenitangulia alifukuzwa kwa kupoteza lebo tatu. Mume wangu akarudi kutoka safari na ndege thelathini na mmoja na homa kali ya malaria. Daftari lake la safari lilikuwa limetumbukia mtoni, kwa hiyo kila ndege alikuwa amefungwa kikaratasi cha nambari tu, na orodha, nambari fulani mahali fulani, alikuwa ameiandika nyuma ya pakiti ya majani ya chai na kuitia mfukoni. Alilazwa hospitali usiku uleule. Asubuhi, mimi mke mwema, nikafua nguo zake zote. Suruali niliisugua hasa, maana ilikuwa na matope. Nilipofika mfukoni nikatoa uji wa karatasi.

Ningeweza kusubiri apone. Lakini mkuu wangu wa wakati huo alitaka lebo Jumatatu, na mimi nilikuwa nimekalia kuti kavu. Nikaenda kwenye faili, nikatoa fomu yake ya ruhusa ya safari. Fomu ilisema mlimani, kuanzia tarehe nne hadi kumi na sita. Nikaandika hivyohivyo. Lebo thelathini na moja kwa mwandiko mzuri, mikia ya herufi imepinda vizuri, wino mweusi usiofutika. Nikaziingiza Daftari Kuu. Wiki mbili baadaye mume wangu akiwa anakunywa supu kitandani ananiambia, unajua mlimani hata hatukufika? Daraja lilikatika, tukageuza gari, tukashinda bondeni.

Nikasema, "Pole." Nikamwongezea supu.

Hilo ndilo nililokuwa nalo kifuani siku wifi alipokunja pua mlangoni kwangu. Kwa hiyo usishangae kama sikumpikia chai.

Wiki ya kwanza alichora. Alibandika karatasi kubwa ukutani, akaijaza visanduku na mistari ya kuviunganisha, akaniita kama mwalimu anayemwita mtoro.

"Daftari lako lina ugonjwa," akasema. "Kila kitu kimerundikwa mstari mmoja. Angalia. Safari moja inaleta ndege wengi, sivyo? Wewe umeandika safari ileile mara mia, na mara mia umepata nafasi ya kukosea. Safari iwe na jedwali lake. Mahali pawe na jedwali. Watu wawe na jedwali. Ndege naye abaki na mambo yake tu, kisha tunamfunga kwa safari yake kwa nambari."

"Na uzi wa mguuni?"

"Uzi baki nao." Akagonga kisanduku kingine kwa kalamu. "Na jina la ndege. Wewe mtu akija akasema huyu si shore, ni mwingine, unafanya nini?"

"Nakata la zamani, naandika jipya."

"Unakata. Nani alisema la zamani, lini, kwa nini, vyote umekata. Humu hatufuti. Ndege mmoja, majina mengi, kila jina na mwenye kulisema. La mwisho linakaa juu, yaliyotangulia yanabaki chini yake."

Siwezi kusema hakuwa na akili. Ukiona vyaelea vimeundwa, na yeye aliunda. Kilichoniudhi ni kwamba kila kisanduku alichochora kilikuwa na mlango, na mimi nilikuwa nataka kuta.

Kisha akafika kwenye safu ya mkusanyaji. Akaipiga mstari mwekundu.

"Hii ndiyo iliyomuua kaka yangu," akasema.

Nikaokota sindano, nikaichoma kwenye pamba.

"Aliyekamata ndege ni mtu mmoja. Aliyeandika lebo anaweza kuwa mwingine. Aliyempa jina anaweza kuwa wa tatu. Daftari lenu lina nafasi ya mtu mmoja tu, basi lebo ikikosea, anayebeba ni huyohuyo. Mimi naweka safu tatu. Aliyekamata. Aliyeandika lebo. Aliyetaja jina."

"Hiyo ya katikati haina kazi," nikasema. "Nani anajali nani kashika kalamu? Utajaza majina ya makarani waliokufa zamani kwa faida ya nani?"

"Kwa faida ya kaka yangu. Nimekuja humu kwa ajili yake, wifi, si kwa ajili ya manyoya yako. Kuna mtu alichezea lebo zake. Nitamjua."

"Ulipaswa kuwa polisi."

"Na wewe ulipaswa kuwa mjane," akasema. "Sijaona machozi."

Nilimtupia neno ambalo siliandiki hapa. Akalijibu kwa jingine la ukoo huohuo. Mlinzi wa zamu akachungulia, akaona ni sisi, akafunga mlango taratibu.

Nilipanda kwa Mkurugenzi siku hiyohiyo. Nikamwambia safu ile itachelewesha kazi miezi miwili, itachosha watu, haina maana. Mkurugenzi ni mtu wa kukubaliana na aliyeongea mwisho, kwa bahati mbaya wifi aliongea baada yangu. Safu ikabaki. Zaidi ya hapo, Mkurugenzi akaagiza kwamba vitabu vyote vya zamani vya makumbusho viingizwe, hata vile ambavyo havikuwa vya ndege: fomu za safari, daftari la magari, daftari la droo.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Kwa miaka kumi na tisa kitabu changu kilikuwa chumbani kwangu na kitabu cha magari kilikuwa karakana, ua mzima katikati yao, na havikuwahi kukutana. Wifi alikuwa anavileta uso kwa uso.

Nilimpiga vita kwa kila njia ndogo niliyoijua. Nilimpa droo kwa mpangilio mbaya. Nilimsomea nambari haraka. Alipouliza kitu mara mbili nilimwambia masikio ni ya kukodi siku hizi. Yeye naye alinirudishia kila kosa langu limechapwa kwenye karatasi, limepigiwa rangi ya njano, nakala kwa Mkurugenzi. Siku moja nilihesabu karatasi za njano mezani kwangu, zilikuwa kumi na sita. Nyingine zilikuwa za haki kabisa, na hizo ndizo nilizozichukia zaidi.

Mwezi wa saba wa kazi, Jumanne, saa nne asubuhi, mashine ikagoma.

"Njoo," akasema wifi. Hakugeuka.

Kwenye kioo kulikuwa na orodha nyekundu. Ndege thelathini na mmoja, droo ya arobaini na nane.

"Nimeweka sharti," akasema. "Safari ina gari, gari lina daftari lake. Gari haliwezi kuwa mahali pawili siku moja. Safari ya kaka, tarehe nne hadi kumi na sita, lebo zinasema mlimani. Daftari la gari linasema bondeni. Dereva kaandika kila siku, maili, mafuta, jina la kijiji. Siku kumi na tatu za bondeni. Mashine haiwapokei ndege hawa."

"Dereva yule alikuwa analala kwenye usukani," nikasema. "Aliandika chochote."

"Siku kumi na tatu?"

"Alikuwa na usingizi mwingi."

Sasa akageuka. Wifi ana macho ya mume wangu, ni jambo ambalo sijawahi kumsamehe. "Kwa hiyo koo la njano alikamatwa bondeni. Ndege ni wa kweli. Ni mahali tu palipokosewa. Kaka hakutunga kitu." Akavuta kiti mbele yangu. "Ule ni mwandiko wako. Lebo zote thelathini na moja. Nimebaki na swali moja tu na nitaliuliza mara moja. Ile mlimani uliipata wapi?"

Ningesema pale. Nimejiuliza tangu siku ile kwa nini sikusema, na jibu halipendezi: niliogopa kumpa yeye. Angekuwa mtu mwingine yeyote, pengine. Lakini kumpa wifi ushindi wa namna ile, mkononi, na uso ule ukinitazama, ulimi ulikataa.

"Alinisomea mwenyewe," nikasema. "Mstari kwa mstari. Mimi niliandika nilichosikia."

Kalamu yake ikasimama.

"Kaka alikwambia mlimani."

"Ndiyo."

"Akijua ni bondeni."

"Mimi sijui alichokuwa anajua."

Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa miaka yote ya uadui wetu. Alizeeka. Mabega yalishuka. Alikuja na kompyuta mbili kumtetea kaka yake, na mimi nilikuwa nimemkabidhi ushahidi wa mwisho dhidi yake. Akaiandika. Chanzo cha mahali: mkusanyaji, kwa kauli ya mdomo. Hali ya taarifa: uongo. Alhamisi karatasi ingepelekwa kwa Mkurugenzi atie saini, na ikishatiwa saini, jina la Nyavu lingebaki hivyo kwa kila mtu duniani atakayefungua ndege yule.

Nilikwenda nyumbani nikapika, nikala, nikaosha sahani. Nilijiambia marehemu hasikii. Nilijiambia kwamba hata yeye mwenyewe kwenye kikao alisema ni mlimani, alikuwa amesahau, miaka sita ilikuwa imepita tangu safari ile, mtu wa safari mia atakumbukaje moja. Hilo la kusahau ndilo lililonilea miaka yote. Alisahau, kwa hiyo sikumfanya lolote. Alijihukumu kwa mdomo wake.

Jumatano mchana nilikuwa nabadilisha pamba ya bundi mmoja aliyeoza jicho. Wifi akaingia bila kompyuta. Alikuwa na daftari la droo kifuani, lile jembamba lenye jalada la kijani linaloning'inia kwa kamba nje ya chumba changu. Mtu yeyote akitaka kutoa droo kwenda meza nyingine anajaza humo: jina, nambari ya droo, tarehe na saa, sababu. Akirudisha anaandika saa na maoni. Hakuna kitabu kinachodharauliwa kama hicho. Nusu ya maoni ni "sawa" na nusu nyingine ni michoro ya watu wanaosubiri kalamu.

"Lilikuwa la mwisho kuingizwa," akasema. "Nimefika mwaka wa kikao."

Akalifungua juu ya sinia langu, akaweka kidole.

Niliujua mwandiko kabla ya kuusoma. Mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Jina lake. Droo ya arobaini na nane. Tarehe ilikuwa siku mbili kabla ya kikao. Wiki ile mimi nilikuwa likizo, nilikwenda kumuuguza mama yangu. Safu ya sababu: Kusoma lebo. Na kwenye maoni, alipoirudisha saa tatu baadaye, alikuwa ameandika kwa nguvu mpaka karatasi ikakwaruzika: "Lebo zote ziko sawa. Zisibadilishwe."

"Alisoma," akasema wifi. "Saa tatu. Ndege thelathini na mmoja ambao aliwakamata bondeni kwa mikono yake, na kila mguu umeandikwa mlimani kwa mwandiko wa mkewe. Karakana iko hapo ng'ambo. Angevuka ua, angechukua daftari la gari, kikao kingeisha dakika tano. Hakuvuka." Sauti yake haikupanda. "Mtu anayesoma lebo za uongo alizozisema mwenyewe hahitaji saa tatu. Wifi, kaka hakukusomea kitu."

Nilikuwa bado nimeshika bundi.

Nilikumbuka niliporudi kutoka kwa mama. Alinipokea stendi, akabeba mzigo, akaniuliza mama anaendeleaje, anakula? Akanunua mkate njiani. Kikao kilikuwa kimeshapita jana yake na alinieleza kama mtu anayeeleza hali ya hewa: wamenitoa kwenye safari, nitakuwa getini, si mbaya, kuna kivuli. Na mimi nilipumua. Nakumbuka vizuri kwamba nilipumua. Kisha miaka kumi nilipita mbele ya kidirisha chake kila asubuhi, akanikatia tiketi ya utani, "Karibu makumbusho, mama, ndege wako wanakusubiri," nami nikacheka nikaingia kwenye kazi yangu, ile aliyonilindia. Kila asubuhi alijua.

Nilikaa chini. Nilisema, "Nilifua suruali."

"Nini?"

Nikamweleza yote, suruali, pakiti ya majani ya chai, fomu, majaribio, supu. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Kitu nilichokibeba miaka kumi na tisa hakikujaza hata robo saa.

Wifi hakulia wala hakunipiga, ingawa nadhani alilifikiria la pili. Alisema, "Mama yangu anadhani alizaa mwongo."

"Najua."

"Hujui. Wewe unakwenda Idi na Krismasi na kilo ya sukari, unakaa nusu saa. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja." Akachukua daftari. "Jana ulimzika mara ya pili. Alikuwa amekufa, hawezi kujibu, ukamzika tena, ili mimi nisikushinde. Ni hivyo?"

"Ni hivyo," nikasema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Akaenda mezani kwake, akawasha kompyuta, akafungua orodha nyekundu. Karatasi ya Jumanne akaichana vipande viwili, halafu akavuta kiti kimoja zaidi, si kwa upole, akaniashiria nikae.

"Humu hatufuti," akasema. "Nilikwambia wiki ya kwanza. Mlimani itabaki pale chini, watu waione. Wewe utaongeza mstari juu yake. Mahali sahihi. Aliyeandika lebo: jina lako. Sababu ya marekebisho: utaandika mwenyewe, kwa maneno yako, mashine haihifadhi bila sababu."

"Kwa wote thelathini na mmoja?"

"Naweza kuwajaza kwa amri moja. Sekunde mbili." Akakunja mikono. "Utaandika mmoja mmoja."

Nikaanza. Vidole vyangu vimezoea uzi na sindano, si vitufe. Kwa ndege wa kwanza niliandika: Lebo iliandikwa kimakosa na mtunza vielelezo. Wifi akasoma, akasema, "Kimakosa ni siku ya kwanza. Baada ya supu ilikuwa nini?" Nikafuta neno kabla sijahifadhi. Nikaandika: Lebo iliandikwa na mke wa mkusanyaji bila kumuuliza. Alijua kuwa si sahihi, akanyamaza. Mkusanyaji naye alijua, akamfichia. Nikabonyeza. Ndege wa kwanza akatoka kwenye orodha nyekundu.

Wa pili. Wa tatu. Nje walipita watoto wa shule na kelele zao, mwalimu akiwatuliza. Wifi hakuondoka kitini, hakunisaidia hata kutafuta herufi. Kila sababu aliisoma hadi nukta ya mwisho. Wa nane niliruka neno "akamfichia", akanirudisha.

Kwenye wa kumi na moja, koo la njano mwenyewe, akasema, "Ngoja."

Nikangoja.

"Nataka nijue kitu, na usinidanganye, maana leo nitakujua." Alikuwa anaangalia kioo, si mimi. "Angekuwa hai. Yuko pale getini sasa hivi, anakata tiketi. Mimi nakuletea orodha hii. Ungeandika?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, dogo, lingempa amani kidogo, na hata mimi. Lakini nilimjua mwanamke aliyepita mbele ya kile kidirisha miaka kumi. Nilimjua kuliko mtu yeyote.

"Hapana," nikasema. "Ningemwacha akate tiketi."

Wifi akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu iliyolingana na yake. Machozi yalimtoka hapo, na hakuyafuta. Akasogeza kibao cha vitufe karibu yangu.

"Andika," akasema. "Bado ishirini na mmoja."